Namna ya kujua kama gemu za vita zinamharibu mwanao

Mzazi mwenzangu, kabla hujapokonya simu au kumpiga marufuku dogo asikanyage kibanda cha PS, anza kuangalia hasira zake zinakuja saa ngapi. Ni kila saa, au ni pale tu akifungwa kwenye gemu? Tofauti hiyo ni kubwa kuliko damu unayoiona kwenye skrini. Mwaka 2014 watafiti wa Oxford na Rochester walichukua Half-Life 2, gemu ya bunduki, wakaitoa ukatili, adui akiguswa anapotea tu, pia wakatumia Tetris, ile ya kupanga vipande, wakaifanya iwe ngumu makusudi, na ikaonekana kinachowapandisha watu hasira ni kushindwa kuimudu gemu, sio mauaji. Tetris jamani!

Kwa hiyo kaa nae wiki nzima hivi, akuonyeshe anavyocheza, na wewe shika simu ujaribu. Utagundua Free Fire, ile gemu ya bunduki ya kwenye simu, haina kusimamisha, raundi ni kama dakika 10 na ukitoka katikati umewaacha wenzako kwenye mataa, sasa wewe unamwita "njoo ukanunue chumvi" pale pale amebaki na adui wawili, lazima ajibu ovyo. Mwambie "raundi hii ikiisha uje" afu simamia iwe hiyo hiyo moja, asianze nyingine. Kama anakuja bila ugomvi basi hapo huna kesi.

Usiku simu ilale chumbani kwako. Mtoto aliyekesha anakuwa mkali hata kama alikuwa anaangalia katuni, yani usingizi mrudishie kwanza ndo uhukumu gemu.

Maiki na sauti za wachezaji wengine nazo zizime. Kwa maoni yangu matusi ya watu wazima asiowajua, anayasikia kwenye spika za masikioni wewe huna habari, yanamfundisha mabaya kuliko bunduki za katuni. Na namba ya siri ya M-Pesa asiijue, daimondi, zile za kununulia vitu ndani ya gemu, zinamaliza hela.

Angalia umri pia. GTA V, gemu ya ujambazi, Ulaya imewekewa alama ya miaka 18, lakini kibandani mtoto wa darasa la tatu anaicheza na hakuna anayemuuliza, kwa hiyo nenda kaongee na mwenye kibanda kistaarabu, mwombe watoto wadogo awawekee gemu ya mpira.

Sisemi gemu hazina athari kabisa. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, mwaka 2020 kilisema ushahidi hautoshi kuzihusisha na ukatili wenyewe, ila kuna uhusiano mdogo na mambo kama kufoka na kusukumana. Kwa hiyo akimsukuma mdogo wake baada ya kucheza usipuuzie, msimamishe siku hiyo na umwambie kwa nini.

Ila akiwa anapiga wenzie shuleni hata siku ambazo hajacheza, anatesa paka, anatishia watu, au ameacha kula na kusoma kwa miezi, hapo usiishie kulaumu gemu. Muulize taratibu kama kuna anayemwonea au kumpiga, maana mara nyingi mtoto huwa anakimbilia kwenye gemu akiwa tayari ana lake moyoni, ongea na mwalimu wake, na mpeleke hospitali yenye kitengo cha afya ya akili mapema, usisubiri amuumize mtu.