Namna ya Kuupima Uamuzi kwa Kanuni za Mafundisho Jamii ya Kanisa

Wengi wetu tulizipokea kanuni za Mafundisho Jamii ya Kanisa, yaani mafundisho ya Kanisa Katoliki kuhusu maisha ya jamii, kama orodha ya kukariri, ilhali zimewekwa ili zitumike pale uamuzi unapofanyika. Muhtasari wa mafundisho hayo uliotolewa mwaka 2004 na Baraza la Kipapa la Haki na Amani unazitaja kanuni kuu nne, yaani hadhi ya binadamu, manufaa ya wote, kanuni ya auni na mshikamano, na unataka zishikwe zote kwa pamoja. Utaratibu unaofaa ni ule wa kutazama, kuamua na kutenda, uliotokana na utume wa Padre Joseph Cardijn kwa vijana wafanyakazi wa Ubelgiji, na ambao Papa Yohane XXIII aliupendekeza katika waraka wake wa mwaka 1961.

Tuseme kamati ya parokia inajadili mshahara wa mama anayesafisha kanisa. Mtazameni yeye kwanza, kisha ndipo mlifungue daftari la mhasibu. Ulizeni anaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi, akiugua analipwa au halipwi, ana mkataba wa maandishi au aliambiwa kwa mdomo tu. Mwiteni ajieleze mwenyewe, naye apewe kiti mezani badala ya kusimamishwa mlangoni, kwa maana hadhi yake haitokani na kazi wala cheo, bali na kuumbwa kwa mfano wa Mungu.

Mkifika kwenye kuamua, hamtakosa kusikia hoja hii: "Lakini alikubali mwenyewe." Papa Leo XIII aliijibu mwaka 1891 katika waraka wa Rerum Novarum. Alikiri kwamba mapatano ya mwajiri na mfanyakazi yana uzito wake, lakini akafundisha kuwa juu ya mapatano hayo ipo haki ya asili, inayodai ujira utoshe kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi na mwenendo mwema, na kwamba anayepokea pungufu kwa kubanwa na shida au kwa kuogopa baya zaidi amedhulumiwa. Nashauri fundisho hilo lisomwe kwa sauti kikaoni kabla ya mtu yeyote kutaja tarakimu.

Kuhusu manufaa ya wote, wapo wanaosema "mafao ya wengi", nami naona neno "wengi" linawapeleka wasikilizaji kwenye hesabu ya kura. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulizungumzia hali za maisha ya jamii zinazowawezesha watu, mmoja mmoja na katika vikundi, kuufikia ukamilifu wao kwa wepesi zaidi. Kwa hiyo nafuu ya waamini mia tano iliyopatikana kwa kumpunja mmoja bado si manufaa ya wote.

Kanuni ya auni ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote, ingawa Kiswahili kimeipa jina zuri, kwani auni ni msaada, na ndiyo maana ya neno la Kilatini lililoizaa. Papa Pio XI aliifafanua mwaka 1931: ni dhuluma kwa chombo kikubwa kujitwalia kazi ambayo chombo kidogo kinaiweza. Ikiwa kamati inaweza kuupanga mshahara huo kwa haki, isingoje amri ya askofu. Hata hivyo wapo wanaoigeuza kanuni hii kuwa kisingizio cha kuwatelekeza wadogo, wakisahau kwamba chombo cha juu kina wajibu wa kusaidia pale cha chini kinapozidiwa. Parokia isiyo na uwezo ina haki ya kubisha hodi jimboni. Mshikamano nao, kama Papa Yohane Paulo II alivyoeleza mwaka 1987, ni nia thabiti na ya kudumu ya kuyatumikia manufaa ya wote, wala si huruma ya kupita.

Hatimaye tendeni. Andikeni kiwango kilichoafikiwa, tarehe ya kuanza kulipwa na jina la atakayefuatilia. Msomeeni mama huyo mkataba kifungu kwa kifungu kabla hajatia sahihi, mkimpa nafasi ya kuuliza na hata ya kukataa, kisha mkabidhini nakala yake. Baada ya miezi mitatu mwiteni tena, akae kwenye kiti kilekile, awaeleze yaliyobadilika na yasiyobadilika.