Kuidai kampuni ya viwanja iliyofilisika

Kabla hujagusa deni, fanya upekuzi mara mbili: BRELA (wakala wa usajili wa kampuni Tanzania), uone rehani zilizosajiliwa na kama mfilisi, yaani anayekusanya na kugawa mali ya kampuni, ameteuliwa, kisha msajili wa hati za ardhi, uone kiwanja kiko kwa jina la nani. Benki yenye rehani iliyosajiliwa hulipwa kwanza kutokana na mali hiyo. Mwenye risiti tupu husubiri kwenye foleni ya nyuma.

Peleka madai kwa mfilisi kwa maandishi: mkataba, risiti, taarifa ya benki. Deni la mkataba huzeeka baada ya miaka 6, yaani huwezi tena kulidai mahakamani.

Ukipewa kiwanja badala ya fedha, jihadhari. Wakurugenzi wakikuhamishia kimyakimya kuwakwepa wadai wengine, mahakama inaweza kuubatilisha uhamisho huo, na unarudi mikono mitupu.