Kabla hujaenda kuona ngoma ya moto ya Wabaining, soma hii kwanza

Kabla ya tiketi, kabla hata ya begi, weka hili kichwani: unaenda kwenye ngoma ya watu. Wabaining wanaishi milimani kwenye rasi ya Gazelle, kisiwa cha New Britain huko Papua New Guinea, na hii ngoma ina sababu zake, mavuno, mtoto kuzaliwa, vijana kuingizwa utu uzima, kukumbuka marehemu. Wageni wanakaribishwa, na kwenye tamasha la taifa la vinyago mwezi wa saba upande wa Kokopo na Rabaul unaweza kuiona, ila mimi nakushauri ukipata mwenyeji wa kukupeleka kijijini nenda huko huko, utaielewa vizuri zaidi.

Safari sasa. Unapanda ndege Port Moresby, mji mkuu, unashukia uwanja wa Tokua karibu na Kokopo, usichanganyikiwe wengine wakisema Rabaul, Rabaul ilifukiwa na majivu Septemba 1994 volkano mbili, Tavurvur na Vulcan, zilipolipuka kwa pamoja, makao ya mkoa yakahamia Kokopo. Ukitokea Kenya, Uganda au Congo beba kadi ya homa ya manjano maana wataiulizia, na dawa ya kinga ya malaria usiidharau hata kama umekulia kwenye mbu. Badilisha hela ziwe kina, ndiyo pesa ya huko, noti ndogo ndogo, kijijini nani atakupa chenji? Panga gari lenye nguvu na dereva atakayekusubiri, kwa sababu utarudi usiku kwenye barabara ya mlimani na mvua ya kule haina miadi.

Nguo vaa za pamba, mikono mirefu, viatu vya kufunika mguu. Usivae zile jezi za nailoni, cheche ikidondoka zinayeyuka na kushika kwenye ngozi. Mwenye pumu abebe dawa yake mfukoni, sio kwenye begi lililobaki garini, moshi unakuwa mwingi na upepo ukigeuka unakuja usoni kwako moja kwa moja. Na usisogee karibu na moto ili upate picha nzuri, maana wachezaji wanaingia kwenye huo moto pekupeku, wanakanyaga makaa, wanayapiga teke yanaruka huku na huku, na kwa kuwa wamevaa vinyago vikubwa hawawezi kumwona kila aliyesimama mbele yao, kwa hiyo wa kukwepa ni wewe.

Hapa kwenye vinyago ndo naomba mnisikilize vizuri. Vile vinyago vinaitwa kavat, vimetengenezwa kwa gome la mti lililopondwa mpaka likawa kitambaa, kama ile lubugo ya Waganda, linavutwa juu ya fremu ya fito alafu linachorwa nyekundu na nyeusi, macho makubwa ya duara. Ni roho za porini hizo, za majani, za wanyama, na wanaume wanavitengeneza kwa siri huko msituni. Basi usishike, usichungulie nyuma wanakovalia, usiulize aliyemo ndani ni nani, na usiombe kununua kilichochezewa, kwa desturi ngoma ikiisha vinaachwa viharibike. Dada zangu, muulizeni mwenyeji mapema sehemu ya kusimama, kwa jadi hii ngoma ya usiku ni ya wanaume, na mkiambiwa kaeni mbali kaeni mbali, mtaona tu. Picha omba ruhusa, flashi zima kabisa.

Giza linaingia mapema kama kwetu tu, lakini ngoma haianzi kwa saa yako. Utakaa. Wazee wanagonga mianzi chini wakiimba, mdundo ule ule muda mrefu, na ukiletewa popoo na chokaa, huko wanaita buai, watu wa pwani mtajiona nyumbani kwa sababu ni tambuu ile ile, pokea hata kama hutafuni. Shiba kabisa kabla, beba maji, mwambie dereva mapema kwamba hamtaondoka moto ukianza kufifia, maana wanaurushia matawi makavu unawaka upya na wenye vinyago wanatoka tena gizani, na kijijini hilo linaweza kwenda hadi alfajiri.