Somo: Kujikompailia Geany 2.0 kwenye Ubuntu, hatua kwa hatua

Wakuu, habari za asubuhi. Ubuntu 22.04, ambayo wengi wetu hapa Dar tunaitumia, inakuja na Geany 1.38, kihariri cha kuandikia msimbo wa programu. Toleo la 2.0 lilitoka Oktoba 2023. Ukilitaka hilo bila kubadili mfumo mzima, chukua msimbo wake na uujenge mwenyewe. Ni programu huria, na kwa anayejifunza ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu si kubwa sana.

Hatua ya 1: vifaa

sudo apt install build-essential libgtk-3-dev gettext intltool

Fanya hivi ukiwa na bando la kutosha, maana libgtk-3-dev haiji peke yake, inavuta wenzake wengi. Pakua pia geany-2.0.tar.gz kutoka tovuti ya Geany. Ukimaliza, zima data. Kazi iliyobaki haihitaji intaneti.

Hiyo "-dev" ndiyo inayowasumbua wengi. Mtu anajua GTK, maktaba ya kuchorea madirisha na vitufe, ipo kwenye mashine, programu zake zinafunguka, halafu anaambiwa haipo. Maktaba ya kuendeshea programu na mafaili ya kujengea programu ni vifurushi viwili tofauti. Shati unaweza kulivaa bila kujua vipimo vyake, lakini fundi hawezi kukushonea lingine bila vipimo. Vipimo ndivyo vimo kwenye "-dev".

Hatua ya 2: fungua na kagua

tar xzf geany-2.0.tar.gz
cd geany-2.0
./configure --prefix=$HOME/.local

Usiruke hiyo prefix, ndiyo inayosema programu iwekwe folda gani. Mimi niliwahi kuweka --prefix=/usr nikidhani ndiyo njia safi. Siku apt iliposasisha vifurushi ikaandika juu ya mafaili yangu, nikabaki na nusu 1.38, nusu 2.0, na Geany haifunguki. Ukiiweka ndani ya folda yako ya nyumbani, hugusi mfumo na huhitaji sudo.

Configure ikigoma, soma maneno yake. Ukiona No package 'gtk+-3.0' found, imeshakutajia kilichokosekana. Rudi hatua ya 1. Nawaomba sana msibandike picha ya skrini na kuandika "imegoma". Mistari kumi ya mwisho ya maandishi inatosha mtu kukusaidia.

Hatua ya 3: jenga

make -j2 2>&1 | tee kumbukumbu.txt

Hapo -j2 ni kazi mbili kwa wakati mmoja. Sehemu nzito ni Scintilla, injini ya uhariri iliyo ndani ya Geany, iliyoandikwa kwa C++. Feni itapiga kelele, na kwa joto la mwezi wa pili usiiweke laptopu juu ya godoro, iweke mezani.

Ikikwama, mstari wa mwisho utasema Error 2. Huo ni mwangwi tu. Kosa lenyewe liko juu, na kwa kuwa kazi mbili zinaandika pamoja, linaweza kuwa limefunikwa kabisa. Litafute hivi:

grep -n "error:" kumbukumbu.txt | head -1

La kwanza ndilo la kutibu. Hilo likiondoka, mengine mengi hufa yenyewe.

Hatua ya 4: weka

make install

Toka kwenye akaunti yako, ingia tena, kisha andika geany --version. Folda ya msimbo itunze, maana siku ukitaka kuiondoa utaingia humo na kuandika make uninstall.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Mbagala: Mkuu, asante kwa somo. Laptopu yangu ni ya mtumba, nimenunua Kariakoo. Configure inasema "newly created file is older than distributed files". Sielewi, nimepakua leo leo.

Jibu: Angalia saa ya kompyuta yako, ndugu yangu. Nadhani inaonyesha mwaka wa zamani. Betri ndogo ya saa kwenye ubao mama ikifa, tarehe hurudi nyuma kila umeme ukitoka. Configure inaona faili ililotengeneza sasa hivi ni la zamani kuliko yaliyokuja na msimbo, inakataa. Rekebisha tarehe kwanza, kisha rudia. Make nayo huamua nini kijengwe upya kwa kulinganisha muda wa mafaili, kwa hiyo saa mbovu itakusumbua hadi mwisho. Betri yenyewe mara nyingi ni CR2032, lakini fungua uone, laptopu nyingine zina yenye waya.

Swali, kutoka Tabata: Kaka, umeme ulikatika katikati ya make na betri yangu haikai hata dakika tano. Nianze upya?

Jibu: Hapana, andika make tena, itaendelea ilipoishia. Ila ukiona "file truncated", kuna faili la .o (kipande cha programu kilichojengwa tayari) lililokatwa kabla halijaandikwa lote kwenye diski. Lifute pamoja na la .lo lenye jina hilo hilo. Usipofuta la .lo, make itadhani kazi imeshafanyika. Ikikuchanganya, make clean, kisha make.

Swali, kutoka Kimara: Shikamoo mwalimu. Mimi nina RAM GB 2. Inaandika "Killed signal terminated program cc1plus".

Jibu: Marahaba, mwanangu. RAM imejaa, mfumo ukaiua kompaila (inayogeuza msimbo kuwa programu) ili mashine isigande. Funga kivinjari, tumia make bila -j. Itachukua muda zaidi lakini itafika.

Swali, kutoka Kigamboni: Imekubali! Lakini programu-jalizi zangu zote hazionekani.

Jibu: Hongera, dada. Zile za apt zilijengwa kwa ajili ya 1.38, hazitapakiwa na 2.0. Pakua geany-plugins 2.0, uijenge kwa prefix ile ile. Kabla ya configure, andika:

export PKG_CONFIG_PATH=$HOME/.local/lib/pkgconfig

Bila hiyo haitaiona Geany yako mpya.