Kabla ya Kwenda Lake District: Mambo ya Kuzingatia

Mtu aliyekulia Lushoto akiambiwa kwamba Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote England, una mita 978 tu, lazima acheke. Sokoni kwao ni juu zaidi ya hapo. Tatizo ni kwamba kicheko hicho hufuatana naye mpaka kwenye kufunga begi: raba za kawaida, suruali ya jinzi, chupa moja ya maji, twende zetu. Vilima vya Lake District, eneo la maziwa ulipo mlima huo, havimshindi mtu kwa urefu. Kinachomponza mgeni kule ni mvua, baridi, giza na maji ya ziwa lenyewe, na yote manne yanahitaji maandalizi ya nyumbani.

Eneo hili liko Cumbria, kaskazini-magharibi mwa England, na upande wake wa magharibi ni Bahari ya Ireland. Kutoka pwani ya Ravenglass hadi kilele cha Scafell Pike, ukipima kwa mstari ulionyooka, hapafiki kilomita 20. Upepo uliojaa unyevu unatoka baharini, haujakaa sawa unakutana na vilima, unapandishwa juu, unapoa na kumwaga mvua. Ndiyo maana maziwa yapo, na ndiyo maana vilima ni vya kijani namna ile. Kijiji cha Seathwaite, katika bonde la Borrowdale, hupata karibu milimita 3,500 za mvua kwa mwaka, takriban mara tatu ya Dar es Salaam. Keswick, mji ulio umbali mfupi tu kwa gari, hupata chini ya nusu ya hiyo. Kwa hiyo utabiri wa "Cumbria" kwa jumla haukusaidii kitu. Tafuta utabiri wa bonde unalokwenda, na kama utapanda, tafuta wa vileleni. Idara ya hali ya hewa ya Uingereza hutoa utabiri maalumu wa milima, na kuna huduma ya Lake District Weatherline inayoeleza upepo na baridi ya huko juu.

Usidhani mvua yao ni rasharasha siku zote. Tarehe 5 Desemba 2015, wakati wa dhoruba iliyoitwa Desmond, kituo cha Honister Pass kilipima milimita 341.4 ndani ya saa 24. Barabara kuu ya A591 kati ya Grasmere na Keswick ilimomonyoka, ikafunguliwa tena Mei mwaka uliofuata. Siku kama hizo ni chache, lakini onyo la mvua kubwa likitolewa, ahirisha safari. Maziwa yatakuwepo wiki ijayo.

Sasa mavazi, na hapa nitakaa kidogo. Adui wa kwanza ni pamba. Pamba ikilowa hushika maji, na maji hayo yakipigwa na upepo hunyonya joto la mwili hata katikati ya Julai. Jinzi ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu huwa nzito na haikauki. Fulana ya michezo ya poliesta, sweta la sufu au flisi juu yake, kisha koti la mvua la kweli, lenye kofia na lisilopitisha maji: mpangilio huo unatosha kwa matembezi ya kando ya ziwa. Ukipanda, ongeza suruali ya mvua, glovu na kofia ya sufu, kwa kuwa kila mita 100 unazopanda hukupunguzia zaidi ya nusu nyuzi ya joto, na upepo wa juu haufanani na wa bondeni. Akina mama na dada wanaovaa baibui, chagueni fupi kidogo juu ya suruali. Pindo refu huloa, hujaa tope na kumkwaza mtu kwenye mawe. Na kanga, ambayo kwetu hufanya kazi zote, huku ifanye kazi ya kumbebea mtoto. Ni pamba vilevile.

Viatu viwe vya kushika kifundo na vyenye soli yenye meno. Mawe ya njia zile hulainishwa na nyayo na mvua, na mtu huteleza wakati wa kushuka kuliko wa kupanda. Jozi ya pili ya soksi kwenye mfuko wa plastiki haina uzito wowote, na utajishukuru.

Swali la maana kuliko mavazi ni hili: unakwenda ziwa lipi? Watu husema "Lake District" kana kwamba ni sehemu moja ya kushuka basi na kupiga picha. Windermere ndilo ziwa kubwa kuliko yote ya asili England, lina urefu wa kilomita 17 hivi, boti za kutalii, mikahawa na watu wengi. Ni zuri kwa familia na kwa asiyetaka kutembea sana. Mwenye kigari cha mtoto au mzee wa kiti cha magurudumu ampeleke Tarn Hows, kiziwa chenye njia iliyotengenezwa kukizunguka, kama kilomita tatu. Buttermere huzungukwa kwa mguu kilomita saba hivi, karibu yote tambarare, na sehemu moja njia inapita ndani ya mwamba uliotobolewa. Kwangu mimi hilo ndilo chaguo bora kwa mara ya kwanza. Derwentwater lina mashua zinazozunguka na kushusha watu gatini, kwa hiyo unaweza kutembea nusu na kurudi kwa mashua. Wastwater, lenye kina cha zaidi ya mita 70, ndilo refu kwenda chini kuliko yote England. Mteremko wa mawe umeporomoka hadi majini upande mmoja, barabara iko upande wa pili. Duka, basi la uhakika, mtandao wa simu: huko usivitegemee.

Kufika ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Treni ya kutoka London Euston hukufikisha Oxenholme kwa chini ya saa tatu, unabadilisha, na ya tawi inakupeleka kituo cha Windermere. Hapo nje utapata basi namba 555 linalopita Ambleside na Grasmere hadi Keswick. Angalia saa ya basi la mwisho kabla ya kuondoka nyumbani, hasa Jumapili na majira ya baridi. Tiketi ya treni inunuliwe mapema, kwani bei ya siku ya safari huuma.

Ukienda na gari, mambo mawili. Maegesho hujaa asubuhi na mapema wikiendi za kiangazi, na ukiegesha ovyo pembeni mwa njia nyembamba unaziba gari la wagonjwa. La pili ni ramani ya simu. Ukiwa Ambleside ukaiambia ikupeleke Wastwater, huenda ikakupitisha njia za mlimani za Wrynose na Hardknott kwa kuwa ndiyo njia fupi. Mwinuko wa Hardknott sehemu nyingine ni mita moja kwa kila mita tatu, njia ni ya gari moja, kona zimejikunja, na kuna kurudi nyuma kumpisha mwenzio. Mtanzania au Mkenya angalau amezoea kuendesha kushoto; ndugu aliyejifunzia Bukavu au Bujumbura, na gari la kukodi lisilo lake, apite njia ndefu ya chini.

Kuhusu maji yenyewe, kaka na dada wa pwani ndio wa kuambiwa zaidi, maana wanajua kuogelea na wanajiamini. Bahari ya Hindi haikufundishi baridi. Maji ya chini ya nyuzi 15 za Selsiasi huufanya mwili ushtuke: pumzi inakukatika, unavuta hewa bila kutaka, na kama kichwa kiko chini unavuta maji. Haya humpata hata muogeleaji hodari, tena siku ya jua kali, kwa sababu hewa ikipata joto ziwa bado halijapata. Usiruke kutoka gatini wala kwenye mwamba. Ingia polepole kutoka ufukweni, ukiwa na mwenzio. Ukitumbukia kwa bahati mbaya, usipambane. Lala chali, tandaza mikono, elea mpaka pumzi irudi, kama dakika moja hadi moja na nusu, ndipo uogelee au uite msaada. Watoto na yeyote anayepanda kayaki wavae jaketi la kuelea, hata kama maji yametulia kama kioo.

Kabla ya kuingia soma mabango pia. Siku za joto mwani wa bluu-kijani huzuka katika baadhi ya maziwa, Windermere likiwemo, na sumu yake huumiza watu na kuua mbwa. Thirlmere na Haweswater hutumika kama mabwawa ya maji ya kunywa, na yana masharti yake. (Chini ya Haweswater kuna mabaki ya kijiji cha Mardale, kilichofunikwa na maji miaka ya 1930; ukame ukizidi, kuta zake huchomoza.) Kuvua samaki kwa ndoano kunahitaji leseni kwa kila mwenye miaka 13 na kuendelea.

Mambo madogo nayapitia haraka. Kupe wapo kwenye majani marefu na huambukiza ugonjwa wa Lyme, basi chomeka suruali ndani ya soksi na jikague jioni. Mageti ya mashamba yaache kama ulivyoyakuta. Nyama halali vijijini ni ya kubahatisha, kwa hiyo chapati na maharage ya nyumbani yanafaa kuliko kutumaini mkahawa.

Saa za mwanga zinataka hesabu yake. Katikati ya Desemba jua huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Nyumbani hatujazoea siku ya namna hiyo. Mwezi Juni magharibi huingia karibu saa nne usiku, na mwenye kusubiri isha asipange kuamka mapema sana. Tochi ya kichwani ibebwe mwaka mzima. Ile ya simu inamaliza chaji unayoihitaji kwa kupiga, na baridi nayo hula betri, hivyo pawabanki na ramani ya karatasi viwemo begini.

Mwisho, mwachie mtu wa nyumbani ujumbe: njia mtakayopita, mko wangapi, na saa ya kurudi. Dharura ikitokea mlimani piga 999, omba polisi, kisha uwaambie unahitaji uokoaji wa mlimani. Waokoaji ni watu wa kujitolea na hawatozi senti. Pale mtandao unapokuwa hafifu, ujumbe mfupi unaweza kupita simu isipopita, ila namba yako lazima iwe imesajiliwa kabla: tuma neno "register" kwenda 999 ukiwa bado nyumbani na ufuate maelekezo. Bila mtandao kabisa, puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, kisha urudie. Ukishawapata, kaa pale ulipowaambia na usitumie simu kwa mengine, maana watakupigia.