Vitamu vya kumfungia mtoto shule bila kumwaga sukari

Mi nilikuwa namfungia biskuti za dukani kila siku, mpaka nikakaa siku moja nikasoma pakiti, sukari imeandikwa ya pili, na viungo huwa vinaandikwa kuanzia kilicho kingi, sasa piga hesabu mwenyewe. Toka hapo natengeneza nyumbani.

Anza na vitufe vya tende. Tende kikombe kimoja, toa kokwa (pitia moja moja kwa mkono jamani, kokwa moja likibaki ni kisu cha blenda au jino la mtoto), loweka maji ya moto dakika 10 halafu chuja vizuriii, maji yakibaki unapata uji. Saga na oti kikombe kimoja, siagi ya karanga vijiko vikubwa viwili na chumvi kiduchu, hiyo usiiache ndo inachangamsha utamu. Donge likinata sana ongeza oti, likimeguka ongeza maji kijiko, viringisha, weka friji nusu saa vishike. Kwenye friji vinakaa wiki. Kama shuleni karanga haziruhusiwi sababu ya aleji, saga mbegu za alizeti uweke badala yake.

Huna blenda? Tengeneza biskuti za ndizi. Ndizi mbivu 2, zile zina madoa meusi unataka kuzitupa, hizo ndo tamu maana wanga umeshageuka sukari. Ponda kwa uma, changanya na oti kikombe kimoja, mdalasini na zabibu kavu kidogo, teka kwa kijiko panga kwenye trei yenye karatasi ya kuokea na uzibapaze mwenyewe maana hazitandazi, oveni nyuzi 180 kama dakika 15 mpaka pembeni ziwe kahawia. Kikaango kizito nacho kinafaa, moto mdogo, funika, geuza mara moja. Zinatoka laini, usisubiri zikauke kama za dukani utaziunguza bure.

Kosa langu kubwa sasa: asubuhi nina haraka nikafunga za moto, mvuke ukageuka maji ndani ya kontena, mtoto akarudi na tope. Pika usiku, ziache zipoe kabisa ndo ufunge.

Halafu tusidanganyane, tende ni sukari pia na inaganda kwenye meno, kwa hiyo vitufe viwili vinatosha na maji ya kunywa pembeni, siyo juisi. Na asali ni sukari tu hata kama inatoka kwa nyuki. Kwa wadogo chini ya miaka 5 usiweke karanga nzima, zinakaba, na vitufe vyenyewe vibonyeze viwe bapa na umkatie vipande.

Akigoma kula, mpe donge aviringishe mwenyewe usiku, wa kwangu alivyotengeneza vyake vyenye umbo la ajabu ajabu kontena lilirudi tupu.