Namna ya kupanga safari ya Serengeti na Ngorongoro mkiwa kikundi

Nikipigiwa simu na mtu wa Dar, Mwanza au Nairobi anayetaka kuleta ndugu zake mbugani, swali la kwanza karibu kila mara ni kiingilio. Kwa raia wa Afrika Mashariki, hicho ndicho kitu chepesi kuliko vyote kwenye hesabu, mradi uje na kitambulisho au pasipoti ya kukuthibitisha. Kinacholamba hela ni gari, mafuta na idadi ya siku. Kwa hiyo mimi dereva mwongozaji wa Arusha nikipanga safari, naanza na viti. Mageti yanakuja baadaye.

Hatua ya 1: Jazeni gari

Gari la kitalii huku kaskazini ni Land Cruiser iliyorefushwa, paa lake hufunguka, na hubeba abiria 6 au 7, kila mmoja na dirisha lake. Hukodishwa kwa siku, kwa gari zima. Mkiwa 3, kila mmoja analipa mara mbili ya atakacholipa mkiwa 6, na simba ni yule yule. Watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi kwenye mageti ya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), lakini kitini wanakaa, kwa hiyo wahesabu.

Shida ya vikundi vyetu inajulikana. Kwenye grupu la WhatsApp watu 12 wameandika "nipo", wiki ya safari wamebaki 4. Weka kanuni mapema: asiyetanguliza nusu hana kiti, na anayejitoa baada ya gari kulipiwa atafute mtu wa kuziba nafasi yake. Mweka hazina awe mtu asiyeona haya kudai.

Kuja na gari lenu inawezekana, ila liwe 4x4, matairi mazima, spea 2 kama mnaelekea Serengeti. Lenye namba za kigeni hutozwa ada yake, na ni kubwa zaidi. Wakenya, kumbukeni pia kwamba mpaka wa Bologonja, kati ya Maasai Mara na Serengeti, haupitishi watalii. Mtazunguka kwa Namanga au Sirari, na siku moja imeondoka.

Hatua ya 2: Mwezi ndio unaochagua mbuga

Januari hadi Machi nyumbu wa Serengeti wako nyanda za kusini, upande wa Ndutu, wanazaa. Mei na Juni wanasogea magharibi kuelekea mto Grumeti. Julai hadi Septemba, pengine hadi Oktoba, wako kaskazini, Kogatende, ambako wanavuka mto Mara. Mtu asikuahidi kuvuka mto mwezi wa pili. Asikuahidi tarehe pia, maana nyumbu anaweza kufika ukingoni, akanywa maji, akageuza.

Tarangire, hifadhi nyingine huku kaskazini, ni ya kiangazi. Kuanzia Julai hadi Oktoba maji yanabaki mtoni tu na tembo wanafuata huko kwa makundi. Masika yakinyesha wanatawanyika, na utaona mibuyu zaidi ya wanyama. Seronera, katikati ya Serengeti, haina msimu mbaya: simba na chui wapo mwaka mzima. Likizo yenu ikiwa Aprili, nendeni Seronera, mvumilie matope, mfurahie barabara zisizo na foleni ya magari.

Wa Kanda ya Ziwa wana njia yao ambayo wengi wanaisahau. Geti la Ndabaka liko pembeni kabisa ya barabara ya Mwanza–Musoma, karibu na Lamadi. Ukiingilia na kutokea hapo hulipi chochote Ngorongoro. Tatizo ni udongo mweusi wa ukanda ule, mvua ikinyesha gari linateleza kama sabuni. Ipitie wakati wa ukavu.

Hatua ya 3: Panga kwa saa za kibali

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kujua. Serengeti iko chini ya TANAPA. Ngorongoro ina mamlaka yake, NCAA. Kutoka Arusha, njia ya Serengeti inakatiza ndani ya Ngorongoro, kwa hiyo unalipa Ngorongoro hata kama unapita tu. Unalipa wakati wa kwenda, na unalipa tena wakati wa kurudi. Kibali ni cha saa 24 na cha kuingia mara moja. Saa zikipita unaongeza, ukitoka ukarudi unalipa upya.

Sasa tuchukue safari ya siku 5 inayoanza Jumatatu.

Jumatatu, Arusha hadi Tarangire, mzunguke huko mchana, mlale Karatu au Mto wa Mbu. Jumanne mtoke Karatu mapema, mpite geti la Lodoare (lami inaishia hapo), msimame kidogo ukingoni kuitazama kreta, lile bonde kubwa la Ngorongoro lenye wanyama, kwa juu, kisha mteremke hadi Naabi, geti la Serengeti. Vibali vya Serengeti vya siku 2 vikigongwa saa 7 mchana, saa zenu zimeanza hapo. Jumatano yote Seronera. Alhamisi asubuhi mzunguke tena, lakini saa 7 mchana muwe mmeshapita Naabi kutoka, la sivyo ni siku nyingine ya malipo. Mkiona madereva wanakimbizana na saa pale Naabi adhuhuri, ndiyo sababu.

Usiku wa Alhamisi ndio wenye ujanja. Wengi wanarudi kulala Karatu kwa kuwa gesti ni za bei nafuu, halafu Ijumaa wanarudi kushuka kreta. Wametoka getini, kwa hiyo wanalipa Ngorongoro mara ya tatu. Laleni ukingoni, kambi ya Simba kwa mfano. Kama mliingia eneo la Ngorongoro saa 8 mchana Alhamisi, mnashuka kreta saa 12 asubuhi Ijumaa, mnapanda saa 5, na kabla ya saa 8 mmeshatoka Lodoare kwa kibali kile kile. Mkiwa na mgeni wa nje anayetozwa ada ya wageni, tofauti hiyo mtaiona waziwazi.

Gari linaloshuka kreta lina ada yake kando. Gawanyeni kwa viti, tumerudi kwenye hatua ya 1.

Mkiwa na siku 3 tu, achaneni na Serengeti. Tarangire na Ngorongoro zinawatosha. Kukimbilia Seronera, kilomita zaidi ya 300 kutoka Arusha, ili mlale usiku mmoja na kugeuza, ni kulipia vumbi.

Hatua ya 4: Bei mliyopewa ina nini ndani

Kabla ya kutuma hela, dai mchanganuo wa maandishi: ada za hifadhi pamoja na VAT, ada ya kreta, mafuta, malazi, chakula, maji, posho ya dereva. Omba leseni ya kampuni ya biashara ya utalii, wenyewe tunaiita TALA. Kampuni halali itakutumia bila kununa. Mageti hayapokei fedha taslimu, malipo hupita kwa namba ya kumbukumbu au kadi, kwa hiyo lazima kuna risiti. Iombeni. Bei ikiwa chini mno kuliko za wengine wote, kuna kitu kimeachwa nje, na mara nyingi ni kreta.

Hatua ya 5: Kulala

Seronera kuna kambi za umma kama Pimbi, Nyani na Dik Dik, zenye vyoo na jiko la kupikia. Uzio hakuna. Fisi atapita usiku kunusa masufuria, nanyi mtabaki ndani ya hema na zipu imefungwa. Chakula kisilale hemani. Wasioweza hilo watafute resthausi au hosteli za hifadhi, na waombe nafasi mapema, hasa Desemba.

Hatua ya 6: Mzigo

Mabegi laini, siyo masanduku magumu. Sweta nzito na kofia: ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Tanga atatetemeka. Acheni nyumbani nguo za buluu iliyokoza na nyeusi, maana zinawaita ndorobo (mbung'o), na ndorobo wa Tarangire anauma juu ya jinzi. Darubini, hata moja kwa gari zima. Kitambaa cha kujifunga puani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2019. Ndege nyuki ya kupigia picha haitumiki bila kibali. Kuhusu dawa za malaria, muone daktari kabla ya kuondoka.

Hatua ya 7: Ndani ya mbuga

Mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na hakuna kushuka garini ila palipotengwa. Mkimkuta mnyama, mwambieni dereva azime injini, kisha nyamazeni. Chui aliyelala juu ya mti huwa hajali gari, ila kelele humwondoa.

Kwenye kreta, mapumziko ya chakula huwa Ngoitokitok, penye bwawa la viboko. Kulieni ndani ya gari. Mwewe wa pale wanajua lanchi boksi: wanazunguka juu, mmoja anashuka kwa nyuma, na paja la kuku limetoka mkononi pamoja na mkwaruzo wa kucha. Picha za viboko zinakuja baada ya kumaliza kula.

Na haja. Vyoo viko mageti na sehemu za mapumziko, katikati hakuna. Ukibanwa, mwambie dereva mapema, usingoje mpaka uwe hoi. Atatafuta mahali peupe pasipo kichaka, atazunguka kwa gari kukagua, ndipo uchimbe dawa nyuma ya tairi, hatua mbili tu kutoka mlangoni.